Serotonini si "Homoni ya Furaha": Ushahidi wa Mtoto Mchanga

Wahenga walinena kwamba kuzaa si kazi, kazi ni kulea. Elimu ya viumbe ya miongo ya karibuni imeitia methali hiyo tanbihi: kulea huanza kabla ya kuzaa, na sehemu ya ulezi huo hutekelezwa na kemikali ambayo mama haioni kwa macho na aghalabu haisikii ikitajwa kliniki. Kemikali hiyo ni serotonini. Anayeisikia ikitajwa kwa Kiswahili, iwe ni katika kipindi cha afya redioni au katika ukurasa wa afya gazetini, huipata kwa lakabu moja: "homoni ya furaha". Lakabu hiyo imezoeleka kiasi kwamba mfasiri huweza kuiandika bila kusita, kana kwamba ni istilahi iliyokwisha kusanifiwa.

Makala hii inashikilia kwamba lakabu hiyo ni tafsiri mbovu ya lakabu mbovu, na kwamba shahidi bora wa ubovu wake ni mtoto mchanga. Mtoto wa siku moja hajui harusi wala matanga. Hata hivyo, serotonini imo mwilini mwake, nayo imekuwa kazini tangu kabla hajapewa jina. Kazi hizo zikielezwa kwa Kiswahili kinachoeleweka, mzazi hupata maarifa ya kumlinda mwanawe. Zikifunikwa kwa neno "furaha", mzazi hupotoshwa, na upotoshaji huo unaweza kumfikia mtoto aliyelala kitandani. Kwa sababu hiyo suala hili si la madaktari peke yao. Ni suala la wanakiswahili pia.

Majina mawili, kemikali moja

Mwanafunzi wa lugha anapokutana na neno geni hupenda kuuliza lilikotoka. Katika miaka ya 1930 mtaalamu wa Italia, Vittorio Erspamer, aligundua katika utumbo wa wanyama kitu kilichosababisha misuli kukaza. Alikiita enteramini, kwa kuwa alikipata utumboni. Mwaka wa 1948 watafiti watatu wa Marekani waliokuwa wakifanya kazi Cleveland, yaani Maurice Rapport, Arda Green na Irvine Page, walitenga kitu katika majimaji ya damu kilichobana mishipa. Walikiita serotonini, jina lililoundwa kutokana na neno linalotaja majimaji hayo na jingine linalotaja kukaza. Kufikia mwaka wa 1952 ilibainika kwamba enteramini na serotonini ni kitu kimoja. Mwaka wa 1953 Betty Twarog, akishirikiana na Page, alichapisha ushahidi kwamba kitu hicho kimo ubongoni pia.

Msomaji atambue kwamba hakuna jina hata moja kati ya hayo lililotaja furaha. Moja lilitaja mahali, jingine likataja mahali na kazi. Utumbo, damu na ubongo ndiyo makazi yaliyojulikana tangu mwanzo. Furaha ilikuja baadaye, wakati ambapo dawa za kutibu unyogovu zilizohusishwa na serotonini zilipoenea na magazeti yakahitaji neno la mkato. Lugha ya Kiswahili ililipokea neno hilo la mkato bila kupokea maelezo yaliyotangulia. Kwa maneno mengine, ilipokea kilemba bila kichwa.

Njia ya kuundwa na kuvunjwa

Wataalamu hutumia neno umetaboli kwa jumla ya mabadiliko ya kikemikali yanayounda na kuvunja vitu mwilini. Umetaboli wa serotonini si mrefu, na Kiswahili kina karibu maneno yote yanayohitajika ili kuueleza.

Malighafi yake ni triptofani, mojawapo ya asidi amino ambazo mwili wa binadamu hauwezi kujiundia na ambazo kwa hivyo hazina budi kutoka kwenye chakula. Kimeng'enya cha kwanza huiongezea triptofani oksijeni, na kazi hiyo huhitaji madini ya chuma. Kimeng'enya cha pili hukiondoa kipande chenye kaboni kwa msaada wa vitamini B6, na hapo serotonini huwa imekamilika. Ikishatumika, kimeng'enya kingine huivunja, na mabaki yake hutoka kwa mkojo. Wakati wa usiku, katika tezi ndogo iliyo ndani ya ubongo, sehemu ya serotonini hugeuzwa kuwa melatonini, homoni inayouarifu mwili kwamba giza limeingia. Mtoto mchanga huzaliwa bila utaratibu huo wa usiku na mchana. Humchukua miezi kadhaa kuujenga, na katika kipindi hicho maziwa ya mama ya usiku humletea melatonini ya mama mwenyewe. Mtoto anayesemwa kwamba "hugeuza usiku kuwa mchana" hana utundu wowote. Saa yake haijaanza kupiga.

Jambo la pili la kuzingatia ni kwamba mwili una viwanda viwili vya serotonini visivyochangia ghala. Takriban asilimia 90 ya serotonini yote ya mwili imo utumbo­ni, ambako husaidia kusukuma chakula. Ile inayovuja kuingia kwenye damu hubebwa na chembe zinazosaidia damu kuganda. Kiwanda cha pili kimo katika shina la ubongo, pale ubongo unapokutana na uti wa mgongo. Mwaka wa 2003 watafiti wa Berlin walionyesha kwamba hata kimeng'enya cha kwanza kinachotumika ubongoni si kile kinachotumika utumboni. Kati ya damu na ubongo pana kizuizi ambacho serotonini haiwezi kukivuka. Triptofani hukivuka, tena kwa kushindana mlangoni na asidi amino nyingine zinazopitia mlango huo huo.

Ukweli huo mmoja unatosha kuvunja mashauri mengi yanayotangazwa kwa Kiswahili. Ndizi, kwa mfano, ina serotonini ndani yake, nayo husifiwa kwamba huleta "homoni ya furaha". Serotonini ya ndizi haifiki ubongoni. Huvunjwa na mabaki yake huonekana kwenye mkojo, kiasi kwamba mgonjwa anayetarajiwa kupimwa mabaki hayo huagizwa asile ndizi kabla ya kipimo. Ndizi ni chakula chema kwa mjamzito, lakini si kwa sababu inayotajwa.

Kabla ya kilio cha kwanza

Seli za serotonini huanza kuonekana katika shina la ubongo wa kijusi ndani ya miezi mitatu ya kwanza ya mimba. Katika hatua hiyo hakuna hisia za kusawazishwa. Kazi ya serotonini wakati huo ni ya mjenzi anayepima kiwanja: husaidia kuongoza seli nyingine zigawanyike lini, zielekee wapi na ziungane na zipi. Kemikali ambayo kwa mtu mzima hubeba ujumbe, kwa kijusi husaidia kujenga njia ambazo ujumbe utapitia.

Swali la kule inakotoka serotonini ya awali linafunza jambo muhimu kuhusu tafsiri. Uchunguzi wa panya uliochapishwa mwaka wa 2011 ulionyesha kwamba kondo la nyuma linaweza kutengeneza serotonini kutokana na triptofani ya mama, na kwamba serotonini hiyo huufikia ubongo wa kijusi kabla ya ubongo huo kujitosheleza. Kuhusu kondo la binadamu, wataalamu hawajaafikiana. Wapo wanaosema kwamba nalo hutengeneza, na wapo wanaosema kwamba huchukua ile iliyokwisha tengenezwa katika damu ya mama. Mfasiri mwenye haraka ataandika kwamba "kondo hutengeneza serotonini ya mtoto" na kuhitimisha hapo. Sentensi yake itakuwa fasaha kisarufi, lakini atakuwa amegeuza panya kuwa binadamu kwa kuacha neno moja. Katika uwanja huu maneno kama "kwa panya", "yamkini", "imeripotiwa" na "imethibitika" si mapambo ya mtindo. Ndiyo uzito wa habari yenyewe.

Fumbo la mtoto mwenye njaa

Tunda la hoja hii linaonekana zaidi siku ya kuzaliwa. Katika damu, sehemu kubwa ya triptofani husafiri ikiwa imeshikamana na protini iitwayo albumini. Sehemu ndogo iliyo huru ndiyo iliyo tayari zaidi kuvuka kuingia ubongoni. Ingetarajiwa kwamba mtoto aliyekosa lishe tumboni, akazaliwa na uzito mdogo, awe na upungufu wa serotonini ubongoni kwa kuwa malighafi ni haba. Mwaka wa 1989 watafiti wa Mexico, Jorge Hernández na Gustavo Manjarrez na mwenzao, walichapisha matokeo yaliyopindua matarajio hayo. Kwa watoto wachanga waliokosa lishe tumboni, na vilevile kwa vitoto vya panya vilivyokosa lishe vivyo hivyo, sehemu huru ya triptofani katika damu ilikuwa juu kuliko kawaida. Kwa panya, ambao ubongo wao uliweza kuchunguzwa moja kwa moja, utengenezaji wa serotonini ulikuwa umeongezeka.

Sasa na ijaribiwe ile lakabu. Ikiwa serotonini ni homoni ya furaha, basi mtoto aliyenyimwa chakula tumboni, aliyezaliwa amekonda na mwenye ngozi iliyolegea, ndiye mwenye furaha kuliko wote wodini! Hakuna mkunga atakayekubali kauli hiyo. Maelezo yaliyo sahihi ni kwamba umetaboli wa mtoto huyo umeyumba. Katika ubongo unaojengwa, wingi kupita kiasi ni kasoro kama ulivyo upungufu, maana mjenzi akipewa saruji maradufu hajengi nyumba bora maradufu. "Furaha" ni neno linalodai kwamba kadiri kinavyozidi ndivyo kheri inavyozidi. Biolojia ya mtoto mchanga hudai kiasi.

Hapa pana funzo kwa meza za Afrika Mashariki pia. Mahindi ya kawaida yana upungufu wa triptofani na wa laisini, asidi amino nyingine ya lazima. Hiyo ndiyo sababu jamii zilizoishi kwa mahindi pekee, Ulaya kusini na Marekani kusini, zilipatwa na ugonjwa wa pelagra, kwa kuwa mwili hutumia triptofani kuunda vitamini niasini pia. Watafiti wawili wa mahindi, Surinder Vasal na Evangelina Villegas, walipewa Tuzo ya Chakula Duniani mwaka wa 2000 kwa kuendeleza mbegu za mahindi zenye triptofani na laisini zaidi. Mama anayekula githeri badala ya ugali mtupu hafuati fasheni. Maharagwe hukamilisha kile ambacho mahindi hayana. Ushauri unaofaa kutolewa kwa mjamzito ni huo wa mlo kamili, wenye protini na madini ya chuma. Ushauri wa kutafuta chakula cha kupandisha "furaha" ya mtoto hauna msingi.

Pumzi ya usiku

Kazi nyingine ya serotonini kwa mtoto mchanga ndiyo yenye kuogofya zaidi, na ndiyo inayoihukumu lakabu bila rufani. Seli za serotonini zilizo katika shina la ubongo hushiriki kuongoza pumzi, mapigo ya moyo, joto la mwili na kuamka usingizini. Mtoto aliyelala akizibwa pua na shuka au godoro, kaboni dioksidi huongezeka katika damu yake. Seli hizo husaidia kupokea dalili hiyo na kuutikisa ubongo, ili mtoto ageuze kichwa, ahemke, alie. Mtoto ambaye mfumo huo una kasoro anaweza kuendelea kulala.

Kwa miaka mingi vifo vya ghafla vya watoto wachanga, vile ambavyo mtoto aliyelazwa akiwa mzima hukutwa asubuhi amefariki bila sababu kuonekana, vilikuwa fumbo tupu. Kundi la watafiti la Boston lililoongozwa na Hannah Kinney lilichunguza mashina ya ubongo ya watoto waliofariki hivyo. Mwaka wa 2006 lilichapisha ushahidi wa kasoro katika mfumo wa serotonini. Mwaka wa 2010 liliripoti kwamba kiwango cha serotonini katika sehemu husika kilikuwa chini kwa asilimia 26 kikilinganishwa na watoto waliofariki kwa sababu nyingine. Kisha mwaka wa 2017 ikaripotiwa kwamba asilimia 31 ya watoto waliofariki ghafla walikuwa na serotonini nyingi kupita kawaida katika damu. Pungufu ubongoni, tele katika damu: viwanda viwili, ghala mbili. Neno "furaha" lingemwambia nini msomaji wa matokeo haya?

Mfasiri mwadilifu hana budi kuongeza mambo mawili. La kwanza ni kwamba matokeo hayo yalipatikana kwa watoto waliokwisha fariki. Hayajazaa kipimo cha kawaida cha kumtambua mtoto aliye hatarini, wala dawa ya kumkinga. La pili ni kwamba kinga iliyo na ushahidi wa kutosha haihitaji maabara. Mtoto alazwe chali, wala si kifudifudi. Uingereza ilianza kampeni ya kuwalaza watoto chali mwaka wa 1991, Marekani ikafuata mwaka wa 1994, na nchini Marekani kiwango cha vifo hivyo kikapungua kwa zaidi ya nusu. Kasoro iliyofichika ubongoni haikuondolewa. Kilichoondolewa ni mtego ulioinasa.

Mjadala wa serotonini unapaswa kuishia katika sentensi hiyo fupi, "mlaze chali", ikifika kwa mama, kwa nyanya na kwa yaya. Sentensi hiyo ikiandamana na sababu yake hushikika zaidi kuliko amri tupu. Nyanya aliyelea watoto saba akiwalaza kifudifudi "wasipaliwe" hatashawishika kwa kuambiwa tu kwamba mambo yamebadilika. Anastahili kuelezwa, kwa heshima na kwa lugha yake, kile kinachotokea katika shina la ubongo wa mjukuu wake.

Mama mgonjwa na dawa zake

Uwanja wa tatu ambamo lakabu hiyo huumiza ni ule wa mama mwenye unyogovu. Dawa nyingi za unyogovu hufanya kazi kwa kuzuia serotonini isirudishwe haraka katika seli iliyoitoa. Dawa hizo huvuka kondo. Baadhi ya watoto ambao mama zao walizitumia mwishoni mwa mimba huzaliwa wakiwa na mtikisiko, kulialia, shida ya kunyonya au kuhema kwa kasi. Aghalabu dalili hizo huisha katika siku chache au wiki mbili hivi. Wataalamu wanaendelea kujadili iwapo chanzo chake ni wingi wa serotonini au ni mwili wa mtoto kukatiziwa ghafla dawa uliyoizoea.

Kwa jamii iliyofundishwa kwamba serotonini ni furaha, dawa hizo huwa "dawa za furaha", na mama anayezimeza huonekana mtu anayejistarehesha kwa gharama ya mwanawe. Mkwe atanong'ona, jirani atashauri, na mama ataziacha kwa siri. Ilhali unyogovu usiotibiwa una madhara yake kwa mama na kwa mtoto, na kuacha dawa ghafla ni hatari kwa jinsi yake. Uamuzi wa kuendelea, kupunguza au kubadilisha dawa ni wa mama na daktari wake, kwa kupima pande zote mbili. Neno moja la kizembe linaweza kuuingilia uamuzi huo na kuuharibu. Wanaodhani kwamba istilahi ni mchezo wa wasomi katika semina na waifikirie hali ya mama huyo.

Jina likopwe, maelezo yaundwe

Wapo watakaopinga hoja hii. Watasema kwamba umma unahitaji urahisi, na kwamba "homoni ya furaha" hueleweka na kila mtu. Ni kweli kwamba umma unahitaji urahisi. Lakini urahisi si sawa na upotofu. Lakabu inayoeleweka haraka na kueleweka vibaya haijamrahisishia mtu chochote. Imemchelewesha tu, kwa kuwa atalazimika kwanza kusahau alichofunzwa.

Wapo wengine watakaopendekeza kwamba neno "serotonini" litupwe na liundwe neno la Kibantu badala yake. Nia yao ni njema, lakini wanaweka nguvu mahali pasipo na haja. Jina la kemikali ni kama jina la mtu. Linaweza kukopwa, likatiwa irabu mwishoni, likaingia katika ngeli na kutumika bila ya kumsumbua yeyote, kama yalivyotumika oksijeni, protini na vitamini. Kinachokosekana ni sentensi zinazolizunguka. Kiswahili kina uwezo mkubwa wa kuziunda. Kimeng'enya kimetokana na kitenzi kumeng'enya, na mwanafunzi wa kidato cha kwanza hukielewa kwa kukitazama tu. Kijusi, kondo, kitovu, utosi, chali na kifudifudi ni maneno ambayo wakunga waliyatumia kabla ya chuo kikuu chochote kujengwa katika eneo hili. Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Dar es Salaam ilichapisha Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia mwaka wa 1990. Kwa hivyo kisingizio cha uhaba wa maneno kimepitwa na wakati. Uhaba uliopo ni wa waandishi walio tayari kuketi na mtaalamu wa watoto mpaka waelewe, kisha waandike.

Kama lakabu ni ya lazima, basi serotonini na iitwe tarishi. Tarishi hubeba barua bila kuiandika. Barua hiyo hiyo ikipelekwa katika nyumba tofauti huzua matokeo tofauti, kwa kuwa anayeisoma ndiye anayeamua la kufanya. Wataalamu wamebainisha angalau aina 14 za vipokezi vya serotonini, vilivyogawika katika makundi saba. Utumboni tarishi huyu hugonga mlango na chakula kikasukumwa. Kwenye mishipa hugonga na damu ikazuiwa isimwagike. Katika ubongo wa kijusi hugonga na seli zikajua pa kwenda, na katika shina la ubongo wa mtoto aliyelala hugonga na pumzi ikarejea. Lakabu ya tarishi ni fupi kuliko "homoni ya furaha", nayo haidanganyi.

Kwa mfano, maelezo ya kusomewa akina mama katika kliniki ya wajawazito yangeweza kuwa hivi: "Mwili wa mtoto wako una tarishi aitwaye serotonini. Hutengenezwa kutokana na protini unayokula, kwa hivyo usile ugali mtupu. Ongeza maharagwe, maziwa, mayai au samaki kadiri utakavyojaliwa. Tarishi huyu humsaidia mtoto kupumua na kuamka akikosa hewa usingizini, lakini kwa mtoto mchanga bado hajakomaa. Msaidie: mlaze chali, kwenye godoro lisilobonyea, bila mto wala blanketi la kumfunika uso, na asiwe karibu na moshi wa sigara. Ikiwa unameza dawa za unyogovu, usiziache kabla ya kuzungumza na daktari." Maelezo hayo hayana neno hata moja ambalo mama wa Kibera, Kitui au Kilifi hataelewa akisomewa, isipokuwa moja la kukopa ambalo limefafanuliwa papo hapo.

Wajibu ulio mkononi

Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Hadhi hiyo hushangiliwa kila mara katika makongamano na mabaraza ya vyama vya Kiswahili. Lakini hadhi ya lugha rasmi haikamiliki katika hotuba za bungeni. Hukamilika pale mzazi anapoweza kupata kwa lugha hiyo maarifa yanayomhusu mwanawe, kwa usahihi ule ule anaoupata msomaji wa Kiingereza.

Vyama vya wanafunzi wa Kiswahili vina nafasi ambayo havijaitumia ipasavyo. Katika vyuo vikuu vingi, kitivo cha sanaa na shule ya tiba ni vya chuo kimoja, na wanafunzi wake hupigia foleni chakula kile kile. Kikao kimoja cha kila muhula ambamo mwanafunzi wa isimu na mwanafunzi wa uuguzi huandika pamoja ukurasa mmoja kuhusu jambo moja la afya ya mtoto, kisha ukakaguliwa na mhadhiri wa kila upande, kingekuwa na faida kuliko mijadala mingi kuhusu kama Kiswahili "kinaweza" sayansi. Swali hilo la uwezo lilijibiwa zamani. Lililosalia ni la utashi.

Wakaguzi hao wapewe kigezo kimoja ambacho hakimo katika vitabu vingi vya nadharia ya tafsiri: je, kiwango cha uhakika cha matini chanzi kimehifadhiwa? Kilichosemwa kuhusu panya kibaki kwa panya. Kinachojadiliwa kibaki kuwa kinachojadiliwa. Na lililothibitika, kama lile la kumlaza mtoto chali, lisemwe bila kigugumizi. Tafsiri inayoyachanganya hayo, hata ikiwa na Kiswahili cha kupendeza namna gani, ni sawa na mkunga mwenye maneno matamu na mikono michafu.

Usiku huu, katika wodi za uzazi na katika nyumba ambazo taa zimezimwa, watoto waliozaliwa leo wanapumua kwa msaada wa tarishi ambaye hawatajua jina lake kwa miaka mingi, pengine milele. Hawamhitaji aitwe furaha. Wanahitaji mtu mzima aliye karibu nao awe ameelezwa kazi ya tarishi huyo, akaielewa, na akawageuza chali kabla ya yeye mwenyewe kulala.